UCHUNGUZI WA TABIA YA BINADAMU NA KAZI YA KADA

UTANGULIZI

Kazi ya kada ni kazi ya watu. Seremala hushughulika na mbao, na kabla ya kupiga randa huangalia kwanza kama ubao ni wa mninga au wa mvule, na kama umekauka au ungali mbichi. Kada hushughulika na binadamu, lakini mara nyingi huanza kazi bila kujiuliza binadamu anajulikanaje. Hudhani kwamba kwa kuwa yeye mwenyewe ni mtu, basi anawajua watu. Dhana hiyo imetutia hasara. Miradi imekufa, michango imekwama, na taarifa zisizo za kweli zimepanda kutoka tawi hadi wilaya na kutoka wilaya hadi mkoa, si kwa sababu kada alikusudia kudanganya, bali kwa sababu hakujua njia ya kuupata ukweli juu ya watu.

Katika madarasa ya itikadi swali moja hujirudia kila mwaka: kwa nini watu hulikubali jambo mkutanoni kwa makofi na vigelegele, kisha wasilitende? Majibu ya haraka hayakosekani. Wengine husema wananchi hawana mwamko; wengine husema ni wavivu; wengine hutafuta mchochezi. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba swali hilo lina njia ya kulijibu, na kwamba zipo sayansi ambazo kazi yake ni kujibu maswali ya namna hiyo. Tutaeleza sayansi hizo zilitokea wapi, zinatumia njia gani, zimewahi kumtumikia nani, na kada wa leo azitumieje bila yeye kutumiwa.

METHALI NA SAYANSI

Wazee wetu waliichunguza tabia ya binadamu kabla ya vyuo vikuu kuwapo, na hekima yao imehifadhiwa katika methali. Lakini lipo jambo moja la kuangalia. Methali moja husema tabia ni ngozi, yaani haibanduki. Nyingine husema samaki mkunje angali mbichi, yaani tabia hufinyangwa. Mtu akibadilika tunataja ya pili. Asipobadilika tunataja ya kwanza. Kwa namna hiyo hatukosei kamwe, na kwa sababu hatukosei kamwe, hatujifunzi kitu. Sayansi huanza pale mtu anapokubali kusema mapema ni jambo gani likitokea atakiri kwamba alikosea.

Saikolojia, yaani elimu ya nafsi na tabia ya mtu, ilianza kujitenga na falsafa mwaka 1879, Wilhelm Wundt alipoanzisha maabara yake katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani. Huko Urusi, Ivan Pavlov, aliyekuwa akichunguza jinsi chakula kinavyosagwa tumboni, alionyesha kwamba mbwa aliyezoeshwa kusikia mlio fulani kabla ya kupewa chakula hatimaye hutokwa na mate kwa mlio peke yake. Huko Marekani, John Watson alitangaza mwaka 1913 kwamba saikolojia iache kubahatisha yaliyomo moyoni, na ichunguze matendo yanayoonekana tu.

Sayansi ya jamii nayo ilikua wakati ubepari ulipokuwa ukivunja vijiji vya Ulaya na kuwasukuma watu viwandani. Karl Marx alionyesha kwamba fikra za watu haziwezi kueleweka zikitenganishwa na jinsi wanavyozalisha mali na nani anayeimiliki. Wengi hawajui kwamba mwaka 1880 Marx alitunga orodha ya maswali yapatayo 100 kwa ajili ya wafanyakazi wa Ufaransa, akiwauliza juu ya saa za kazi, mishahara, ajali na migomo. Majibu yaliyorudi yalikuwa machache. Hata hivyo fundisho lipo: mtu aliyeandika nadharia nzito kuliko wengine katika zama zake hakuona kwamba nadharia hiyo ilimwondolea wajibu wa kuwauliza wafanyakazi wenyewe. Naye Emile Durkheim, katika kitabu chake cha mwaka 1897, alichukua jambo linaloonekana kuwa siri ya mtu na nafsi yake, yaani kujiua, akaonyesha kwa kumbukumbu za nchi mbalimbali kwamba viwango vyake hutofautiana kati ya jamii na jamii, na kwamba katika kila jamii havibadiliki sana mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo hata hapo zipo sababu zilizomo katika jamii yenyewe.

Kutokana na hayo tunaweza kutaja makosa mawili ya kuepuka. Kosa la kwanza ni kumfanya binadamu mbwa wa Pavlov, kana kwamba ukipiga kengele inayofaa atatenda utakalo. Kosa la pili ni kumwona mtu amesimama peke yake, kana kwamba uvivu au bidii yake haina uhusiano wowote na shamba lake, bei ya mazao yake na serikali inayomtawala.

NJIA NNE ZA UCHUNGUZI

Wachunguzi wa tabia hutumia njia nyingi, lakini zote zaweza kuwekwa katika mafungu manne: kuuliza, kuangalia, kujaribu, na kusoma kumbukumbu. Kila moja ina nguvu yake na udhaifu wake.

(a) Kuuliza. Hii ndiyo njia rahisi na ndiyo inayopotosha zaidi. Kati ya mwaka 1930 na 1932 msomi wa Marekani, Richard LaPiere, alisafiri nchini mwake pamoja na mume na mke Wachina, wakati ambapo ubaguzi dhidi ya Wachina ulikuwa mkali. Walifika katika hoteli na migahawa 251, wakakataliwa mara moja tu. Baadaye aliwaandikia wenye sehemu hizo akiwauliza kama wangewapokea wageni Wachina. Kati ya 128 waliojibu, zaidi ya tisa katika kila kumi walisema hapana. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1934. Neno lilikwenda upande mmoja na tendo upande mwingine. Uchunguzi huu una kasoro zake: huenda aliyejibu barua siye aliyempokea mgeni mlangoni, na kuwapo kwa Mzungu pamoja na wageni wale kulibadili mambo. Lakini msingi wake umesimama. Jibu la mtu ni tendo lenyewe, linalotendwa mbele ya muulizaji na kwa kumfikiria muulizaji. Mwenye hoteli katika barua hujibu kama tabaka lake linavyomtarajia ajibu. Na mwanakijiji mkutanoni hujibu kama anavyodhani kiongozi anataka kusikia.

(b) Kuangalia. Kati ya mwaka 1924 na 1932 kampuni ya Western Electric ilifanya uchunguzi mrefu katika kiwanda chake cha Hawthorne, karibu na Chicago. Ulianza kwa swali dogo: je, mwanga ukiongezwa, kazi itaongezeka? Hadithi iliyoenea vitabuni ni kwamba kazi iliongezeka kila mwanga ulipobadilishwa, hata ulipopunguzwa, kwa sababu wafanyakazi walijua wanatazamwa. Wachumi wawili waliopitia upya hesabu za awali, katika makala ya mwaka 2011, walionyesha kwamba ushahidi wa hadithi hiyo ni hafifu sana. Hapa tujifunze kwamba hata vitabu vya kufundishia huweza kurithishana jambo ambalo halikuthibitishwa.

Kilicho muhimu zaidi kwetu kilionekana mwishoni mwa uchunguzi huo, katika chumba kimoja cha wafanyakazi 14 waliokuwa wakiunganisha nyaya za simu. Mchunguzi alikaa humo miezi kadhaa akitazama. Aliona kwamba wafanyakazi walikuwa wamekubaliana, bila mkutano na bila karatasi, kiasi cha kazi kinachotosha kwa siku. Aliyezidisha alidhihakiwa na kupigwa ngumi ya begani. Aliyepunguza sana naye alilaumiwa. Na aliyepeleka maneno kwa msimamizi alionekana msaliti. Wasomi wa upande wa kampuni walieleza jambo hilo kama suala la hisia na mahusiano, na kutokana na maelezo hayo ikazaliwa elimu nzima ya kuwafundisha mameneja kuwabembeleza wafanyakazi. Lakini wafanyakazi wale walikuwa na sababu iliyo wazi. Ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Waliogopa kwamba wakizalisha zaidi, malipo ya kila kipande yatapunguzwa, au baadhi yao wataachishwa. Kilichoitwa ukaidi kilikuwa ulinzi wa mkate wao. Macho ya mchunguzi yaliona sawasawa. Maelezo ya tajiri ndiyo yaliyopinda.

(c) Kujaribu. Katika jaribio mchunguzi hubadilisha jambo moja na kuacha mengine vile vile, ili ajue ni lipi linaloleta badiliko. Hii ndiyo njia yenye nguvu zaidi ya kutambua sababu. Mfano unaojulikana sana ni wa Stanley Milgram katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, ulioanza mwaka 1961. Watu wa kawaida waliambiwa kwamba wanasaidia uchunguzi wa kumbukumbu, na wakaagizwa kumpiga mtu mwingine shoti ya umeme kila akikosea jibu, wakipandisha nguvu hadi volti 450. Umeme haukuwapo na aliyelia alikuwa akiigiza, lakini wao hawakuambiwa hivyo. Katika toleo alilolichapisha mwaka 1963, watu 26 kati ya 40 walifika mwisho kwa sababu tu bwana mwenye koti la maabara aliwaambia waendelee.

Wengi huishia hapo na kusema kwamba binadamu ni mtiifu kwa ubaya. Lakini nguvu ya jaribio iko katika kubadili mambo, na Milgram aliyabadili. Mwamrishaji alipoondoka chumbani na kutoa amri kwa simu, waliotii hadi mwisho walishuka kuwa kama mmoja katika watano. Na pale wenzao wawili waliokaa pamoja nao walipokataa kuendelea, ni wanne tu kati ya 40 waliofika mwisho. Kwa hiyo utii haukuwa ngozi ya watu wale. Ulitokana na mpangilio wa madaraka chumbani. Kasoro pia zipo. Waliopekua kumbukumbu za Milgram baadaye wameonyesha kwamba baadhi ya washiriki walishuku kuwa umeme ule ni wa uongo. Tena jaribio lenyewe liliwatesa waliodanganywa, na leo kamati za maadili haziwezi kuliruhusu kwa sura ile. Lakini kiongozi ajiulize: katika vikao vyangu, nani anaweza kusema hapana wa kwanza ili wengine wapate nguvu?

(d) Kusoma kumbukumbu na takwimu. Njia hii ndiyo aliyoitumia Durkheim, na ndiyo tunayoitumia tunapohesabu wanachama, madarasa na zahanati. Nguvu yake ni kwamba huonyesha picha pana ambayo macho ya mtu mmoja hayaifikii. Udhaifu wake ni kwamba tarakimu hupima kile tu kilichohesabiwa. Kufikia mwaka 1977 zaidi ya watu milioni 13 walihesabiwa kuwa wanaishi vijijini katika Tanzania Bara. Hiyo ilikuwa hesabu ya makazi. Haikuwa hesabu ya ujamaa, wala haikueleza ni nani aliyehamia kwa hiari na ni nani aliyehamishwa kwa nguvu. Nasi tunajua kwamba katika Operesheni Vijiji baadhi ya sehemu nguvu ilitumika. Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipotathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha mwaka huo huo wa 1977, hakujificha nyuma ya tarakimu. Alikiri kwamba Tanzania haikuwa bado nchi ya kijamaa wala haikuwa imejitegemea.

Kwa sababu kila njia ina upofu wake, mchunguzi makini hutumia zaidi ya moja na kuzilinganisha. Aliyoyasikia huyapima kwa aliyoyaona, na aliyoyaona huyapima kwa kumbukumbu. Tena hurudia. Mwaka 2015 kundi kubwa la wachunguzi lilitangaza matokeo ya kurudia chunguzi 100 za saikolojia zilizochapishwa katika majarida yenye heshima. Karibu zote zilikuwa zimedai matokeo thabiti. Ziliporudiwa, ni kama 36 tu katika kila 100 zilizotoa tena matokeo ya namna hiyo. Wapo waliosema hiyo ni aibu ya saikolojia. Sisi tunasema ni heshima yake, kwa maana sayansi iliyo hai hujikosoa hadharani.

SAYANSI HIZI ZIMEMTUMIKIA NANI?

Sayansi haielei hewani. Ina mwenye kuigharimia na ina mwenye kuitumia. Historia yetu ya Afrika Mashariki ina mifano miwili ambayo kila kada anapaswa kuijua.

Mfano wa kwanza ni wa Kenya. Daktari J. C. Carothers alisimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, tangu mwaka 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, ambamo alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ya Kenya ilimwita aeleze saikolojia ya Mau Mau. Watu walikuwa wamenyang'anywa ardhi; yeye akaandika juu ya nafsi zilizochanganyikiwa kwa kupoteza mila. Akapendekeza watu wakusanywe vijijini chini ya uangalizi, na wakati huo huo serikali ilikuwa ikiwakusanya zaidi ya watu milioni moja katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na ulinzi. Hapa ugonjwa ulitafutwa kichwani mwa mnyonge ili usionekane katika sheria ya ardhi. Frantz Fanon, daktari wa akili aliyefanya kazi katika hospitali ya Blida, Algeria, tangu mwaka 1953, aliyavunja madai hayo katika kitabu chake cha mwaka 1961 ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa. Fanon hakuikana saikolojia. Aliichukua na kuitumia kuonyesha jinsi ukoloni wenyewe unavyojeruhi akili za watu.

Mfano wa pili ni wa hapa kwetu. Katika milima ya Uluguru, mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Watu walipinga, na mwaka 1955 yalitokea machafuko na mtu mmoja akauawa. Maofisa walisema Waluguru ni wagumu wa kubadilika na wamechochewa na wanasiasa. Ukweli ni kwamba kazi ile ilikuwa nzito mno, na mzigo mkubwa uliwaangukia akina mama. Tena katika udongo ule mwembamba kuchimba ngazi kulifukia udongo wenye rutuba na kutoa juu udongo usiozaa. Mkulima aliyekataa alikuwa amekwisha kufanya uchunguzi wake, kwa jembe lake, shambani kwake. Aliyekuwa hajafanya uchunguzi ni bwana shamba.

Lakini tusidhani kwamba hatari hii iliondoka na bendera ya mkoloni. Leo tabia ya binadamu huchunguzwa na makampuni makubwa kwa njia ya simu iliyomo mfukoni mwa kijana wa Mbagala na wa Namtumbo. Mwaka 2012 Facebook ilibadili kwa siri habari walizoonyeshwa watumiaji karibu 690,000, ili kuona kama hisia zao zingebadilika. Jambo hilo lilijulikana mwaka 2014. Kampuni ya Uingereza iliyoitwa Cambridge Analytica, ambayo ilifungwa mwaka 2018, ilipata taarifa za watu wanaokadiriwa kufikia milioni 87 bila ridhaa yao, na viongozi wake walisikika wakijigamba juu ya kazi yao katika uchaguzi wa Kenya wa mwaka 2013 na 2017. Hilo ndilo kosa la mbwa wa Pavlov katika vazi jipya.

Lipo pia tatizo la nani anayechunguzwa. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba katika majarida makubwa ya saikolojia ya Marekani, watu 96 katika kila 100 waliochunguzwa walitoka katika nchi za viwanda za Magharibi, ambazo zina kama asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Wengi wao walikuwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake wawili walikusanya ushahidi kwamba watu hao si kipimo cha binadamu wote. Katika mambo mengi wao ndio walio tofauti na wengine. Kwa hiyo kada akisoma katika kitabu kwamba binadamu hufanya hivi au vile, aulize: ni binadamu wa wapi, wa tabaka gani, na aliulizwa na nani?

NJIA YA KUSHIRIKISHA

Taifa letu halikubaki kulalamika tu juu ya sayansi za wengine. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa muda wa wiki kumi na mbili watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadili, kisha wakaamua wenyewe watafanya nini juu ya malaria, maji machafu na kuhara. Waliotangulia kwa kampeni ndogo walikuwa wamejaribu njia hiyo kabla ya kuipanua. Na tathmini yake haikuishia katika kuhesabu waliohudhuria; iliangalia pia kilichobadilika majumbani, kama vile vyoo vilivyochimbwa. Tofauti na matuta ya Uluguru ni kwamba hapa mtu alikuwa ndani ya uamuzi kabla ya kuwa ndani ya kazi.

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, mradi wa Jipemoyo huko Bagamoyo, ambao Marja-Liisa Swantz alikuwa miongoni mwa viongozi wake, ulikwenda hatua zaidi. Wachunguzi walikaa na wanavijiji, wakayatafuta matatizo pamoja, na matokeo yakarudishwa kwa wanavijiji ili wayatumie. Utafiti wa namna hiyo, unaoitwa utafiti shirikishi, umeenea duniani, na Tanzania ni moja ya mahali ulipopata mizizi yake. Tusiseme kwamba hauna kasoro. Anayekaa na watu kwa muda mrefu huweza kuona kwa macho ya wenyeji wake wa karibu tu, na wenye sauti kubwa kijijini huweza kujifanya ndio kijiji. Ndiyo sababu njia zile nyingine bado zinahitajika.

MFANO WA KUJIKOSOA

Kujikosoa ni wajibu wa kada, na mwandishi wa makala hii anao mfano wake mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita alitumwa katika kijiji kimoja kujua kwa nini ujenzi wa madarasa kwa kujitolea umesimama. Mkutano uliitishwa. Mwenyekiti wa kijiji na mtendaji walikaa naye meza kuu. Aliuliza kama wananchi wako tayari kufika Jumamosi, na mikono yote ikanyooshwa. Jumamosi walifika watu kumi na mmoja. Aliandika taarifa yenye maneno ambayo wasomaji wanayafahamu vizuri: mwamko wa wananchi ni mdogo, elimu zaidi itolewe.

Kesho yake, akiwa njiani na mama mmoja aliyekuwa akitoka kisimani, aliuliza tena, safari hii bila meza na bila karatasi. Mama yule alisema, "Mwanangu, Jumamosi ni siku ya gulio. Mboga zisipouzwa siku hiyo zinaoza. Na zile fedha za matofali tulizochanga mwaka juzi, nani alitusomea hesabu?" Alipoulizwa kwa nini hakusema mkutanoni, alicheka. "Niseme mbele ya waliozikusanya? Halafu niitwe mpinga maendeleo? Nilinyoosha mkono ili mkutano uishe nikapike."

Katika maneno hayo machache yalikuwamo yote tuliyoyaeleza. Mkono ulionyooshwa ulikuwa jibu kwa muulizaji, kama barua za wale wenye hoteli. Mgomo wa kimya ulikuwa na sababu ya mkate, kama kule Hawthorne. Na hapakuwapo mtu wa kusema hapana wa kwanza, kwa sababu meza kuu ilikuwa imepangwa isiwezekane. Taarifa ilikuwa imekwisha kupelekwa. Mwandishi alipeleka nyingine ya kuisahihisha, bila kumtaja mama yule wala kumwonyesha kwa dalili yoyote. Siku ya kazi ikahamishiwa Jumatano na hesabu zikasomwa hadharani. Watu walikuja, si wote, lakini walitosha kuinua kuta. Mwamko wa wananchi haukuwa umebadilika hata kidogo katika wiki zile mbili. Kilichobadilika ni hali yao, na ujuzi wetu.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kutokana na maelezo haya, kada anayechunguza tabia ya watu azingatie yafuatayo:

1. Asiandike neno "mwamko mdogo" kabla ya kuuliza gharama. Tendo hilo litamgharimu mwananchi nini: siku, fedha, jasho, au usalama wake?

2. Asitegemee njia moja. Aulize, aangalie, na asome kumbukumbu. Na pale vitu hivi vitatu visipokubaliana, hapo ndipo kazi yake ianzie.

3. Aangalie nani amekaa karibu naye wakati anauliza. Jibu la mkutanoni, la nyumbani na la shambani huweza kuwa matatu tofauti kutoka kwa mtu yule yule.

4. Atafute ushahidi unaompinga, si ule unaompendeza. Aende kwa wasiofika mkutanoni, kwa wanawake, kwa vijana, na kwa waliohama.

5. Atunze siri. Aliyesema ukweli asije akaadhibiwa kwa sababu yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za mtu, lakini hata bila sheria, kada anayemchongea aliyemwamini ameua uchunguzi wote utakaofuata.

6. Arudishe matokeo kwa watu wenyewe. Ujuzi juu ya watu usiorudi kwa watu huwa mali ya mwenye nguvu.

HITIMISHO

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikataza kiongozi kuwa na majivuno na kuwadharau watu, na ulitaka watu washirikishwe katika kupanga maendeleo yao. Wengi wameuchukulia mwongozo huo kama suala la adabu. Ni zaidi ya adabu. Kiongozi mwenye majivuno hawezi kujua, kwa maana watu hawamwambii. Na asiyejua hawezi kuongoza, hata akiwa na nia njema kiasi gani. Chama kinachosikia makofi yake tu kitashangaa siku watakapoacha kuja.

Saikolojia na sayansi ya jamii hazitatupa ufunguo wa kuwafungua watu tupendavyo. Anayezitafuta kwa nia hiyo ajiulize anatofautianaje na Carothers. Zitatupa jambo dogo lakini la thamani: njia ya kugundua kwamba tulikosea, mapema, kabla gharama ya kosa haijalipwa na mkulima.

MASWALI YA KUJADILI

1. Chukua taarifa moja ya tawi lako ya hivi karibuni inayosema wananchi "wamekubali". Ilijulikanaje kwamba wamekubali? Ni njia gani nyingine ingetumika?

2. Wafanyakazi wa Hawthorne na wakulima wa Uluguru waliitwa wakaidi. Ni nani anayeitwa hivyo katika eneo lako leo, na sababu yake yaweza kuwa nini?

3. Ni mambo gani katika mpangilio wa vikao vyenu yanayomzuia mtu kusema hapana? Yanaweza kubadilishwaje?